Mjomba Kanipatia Kazi ya AMCOS: Niende, au Nisubiri Dar?

UKURASA WA SHANGAZI: maswali ya kazi na fedha

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 24, nakaa Mikindani kwa wazazi. Mwaka jana nilimaliza shahada ya uhasibu, nikaomba nafasi za wahitimu katika zile kampuni nne kubwa za ukaguzi, Dar es Salaam. Mbili hazikujibu. Ya tatu nilifanya mtihani wa kwenye kompyuta, nikaambiwa sikufika kiwango. Ya nne nilifika mpaka usaili. Niliazima koti la shemeji, nikalala Mbagala kwa rafiki yangu, asubuhi nikaulizwa nieleze siku niliyowahi kuongoza timu. Nikababaika. Baada ya wiki mbili ikaja barua pepe ya mistari minne.

Wenzangu watatu wa darasani wamechukuliwa. Wanaweka picha wakiwa na vitambulisho shingoni, nami naziangalia usiku nimejifunika shuka gubigubi.

Sasa mjomba wangu, ambaye ni mjumbe wa bodi ya AMCOS moja (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) huko Tandahimba, anasema wanatafuta mhasibu kabla msimu wa korosho haujaanza. Mshahara 250,000. Rafiki yangu wa Mbagala anasema nirudi nikajitolee bila malipo kwenye ofisi ndogo ya ukaguzi ili niwe karibu na nafasi. Mama anataka niende Tandahimba. Mimi naogopa nikianzia porini nitaozea huko huko, na zile kampuni hazitaniangalia tena. Nifanye nini?

Mhitimu, Mikindani

*

Marahaba, mwanangu.

Hilo koti la shemeji limenichekesha, unisamehe, maana mimi niliazima viatu. Ilikuwa 1997, nikitokea Lindi. Daraja la Mkapa lilikuwa bado, Rufiji tulivuka kwa pantoni pale Ndundu, na Dar tuliingia kesho yake tumejaa vumbi hadi kwenye kope. Viatu vilikuwa vya binamu yangu, vimenizidi, nikavijaza pamba mbele. Wakaniuliza kwa nini naipenda kampuni yao. Nikasema kweli, kwamba siijui vizuri. Barua ya kunikataa ilikuja kwa posta baada ya mwezi, na jina langu walilikosea.

Sitakuambia usikate tamaa. Ungekuwa umekata usingeniandikia.

Kampuni zile hupokea maombi mengi kuliko viti, kwa hiyo huchuja kwa vitu vinavyochujika haraka: alama zako, kasi yako kwenye kompyuta, na unavyojieleza mbele ya watu usiowajua. Hakuna aliyekukabidhi vocha mia tatu za malipo na taarifa ya benki akakuacha nazo mpaka jioni. Walichokikataa ni nusu saa ya kijana mwenye usingizi wa Mbagala na koti la mtu. Usaili hujifunzwa kama kuendesha baiskeli, utaanguka tena, kisha utaacha kuanguka.

Mbagala usiende. Ofisi ndogo ya ukaguzi ni shule nzuri kuliko watu wanavyodhani, na kama wangekulipa nauli tu na kukupeleka kwa wateja ningekuambia panda basi leo. Lakini kujitolea bila hata nauli maana yake unalishwa na baba yako aliyeko Mikindani ili ukatoe fotokopi Dar. Na hao wanaokuona kila siku ukitoa fotokopi, siku nafasi ikitoka, watakukumbuka kama mtu wa fotokopi.

Tandahimba, basi. Unaita porini, lakini hebu fikiria kitakachopita mezani kwako. Mkulima analeta magunia, yanapimwa, anapewa stakabadhi yake. Korosho zinasafirishwa kwenda ghala kuu, zinapimwa tena, zinapangwa daraja la kwanza na la pili. Mnada unafanyika, mnunuzi analipa, makato yanatolewa, kinachobaki kinaingia kwenye akaunti ya kila mkulima. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho mwaka 2007, ugomvi mwingi niliousikia huku kwetu unatokea katikati ya hatua hizo: kilo za ghala la kijiji hazilingani na za ghala kuu, mmoja anasema ni unyaufu, mwingine anasema ni wizi. Nani atakayejua? Mwenye karatasi za pande zote mbili. Ndiye wewe. Na katika orodha ya malipo utakuta akina Saidi Hamisi sita, wawili wa kitongoji kimoja, na mmoja tarakimu ya akaunti yake imeandikwa 1 badala ya 7. Atakuja kukusubiri mlangoni na jembe lake begani, bila kukutukana, akikutazama tu.

Wenzako wenye vitambulisho shingoni mwaka wa kwanza wanapewa kipande: mmoja anahesabu stoo, mwingine anathibitisha salio za benki. Kazi nzuri, siidharau. Ila wewe utaanza na stakabadhi ya kwanza ya Oktoba na kumaliza na urari wa msimu mzima, yaani hesabu za pande zote mbili zikilingana, kisha utasimama mkutano mkuu wanachama wakuulize. Hapo ndipo ukiulizwa tena siku uliyoongoza jambo hutababaika.

Sasa nije kwenye lile ambalo hukuniuliza. Mshahara haunitishi, wala Tandahimba hainitishi. Anayenitisha ni mjomba.

Simjui, huenda ni mtu safi kabisa. Lakini kwetu mjomba si mtu wa kumwambia hapana, na huyu amekupa kazi, na yumo kwenye bodi. Siku moja, msimu umepamba moto, atakuja na vocha isiyo na kiambatisho. "Mwanangu, lori limekwama, tia saini, risiti nitaleta kesho." Kesho haiji. Mkaguzi anakuja, kwa vyama vya ushirika mara nyingi ni COASCO, shirika la serikali la kukagua vyama hivyo, anafungua faili, anaona saini yako. Ya mjomba haipo.

Nayajua haya kwa sababu yalinikuta. Baada ya ile barua ya Dar niliajiriwa na mfanyabiashara mmoja hapa kusini, mtu aliyesoma na baba yangu. Nilimheshimu kama baba. Alinitumia mwanaye kuchukua fedha mara tatu bila karatasi, nikatoa mara tatu. Hesabu zilipokaguliwa aliniita mbele ya watu akaniuliza fedha ziko wapi. Hakukana, mwanangu, alisema hakumbuki tu. Nililipa kwa kukatwa mshahara miezi saba. Sijawahi kupata somo la uhasibu la bei ile tena.

Kwa hiyo nenda, ila kabla hujapokea ufunguo omba mambo haya, na uombe kwa bodi yote ikiwa imekaa, wala si kwa mjomba barazani. Barua ya ajira yenye majukumu yako, na NSSF ndani yake. Ripoti ya ukaguzi ya mwaka uliopita, usome hoja zipi hazijajibiwa. Jina la mhasibu aliyeondoka. Mtafute, mnywe naye chai, sikiliza anachokizungukazunguka bila kukisema. Makabidhiano ya maandishi, fedha taslimu zihesabiwe mbele ya mashahidi na salio la benki liandikwe. Kabati usilolifungua usilipokee. Wakikuambia "sisi hapa ni ndugu, hayo ya nini," rudi Mikindani ukavue na baba.

Na ile siku ya vocha? Usimwambie mjomba hapana. Mwambie, "Mjomba, mkaguzi akija ataanza na jina langu, na jina langu ni la kwenu. Nipe risiti ya lori nikulipe sasa hivi." Mjomba mwema atanung'unika kisha ataileta. Asiyeleta, utakuwa umemjua mapema.

Tunza nakala. Mwaka 2002 Arthur Andersen, iliyokuwa miongoni mwa kampuni tano kubwa za ukaguzi duniani, ilisambaratika katika sakata la Enron, kampuni ya nishati ya Houston, Marekani, iliyokuwa mteja wake, na moja ya mambo yaliyoiponza ni nyaraka zilizochanwachanwa. Ndiyo maana leo wewe umeomba nne, si tano. Karatasi ikipotea, haijali kama imepotelea Houston au Tandahimba.

Jambo jingine, hili fupi: jisajili na NBAA, Bodi ya Wahasibu na Wakaguzi, mapema. Mitihani yao huwa Mei na Novemba. Novemba utakuwa umezama kwenye korosho mpaka shingoni, basi lenga Mei. Ukishafaulu bado watataka uzoefu wa kazi wa miaka mitatu ndipo wakusajili kuwa CPA, mhasibu mwenye ithibati, na miaka hiyo si lazima uifanye kwenye ghorofa la Dar. Andika kila wiki ulichofanya na nani amekikagua. Msimu ukiisha, ukiwa na nafasi, shika vitabu vya duka moja au mawili mjini Mtwara. Wenye maduka hapa husahau kodi ya mishahara ya tarehe 7 na ritani ya VAT ya tarehe 20 mpaka faini zinapokuja. Wasaidie kuweka vitabu, lakini usijiite mshauri wa kodi, hilo lina leseni yake.

Misimu miwili ikipita, omba tena zile nne ukitaka. Barua yako isianze na shahada. Ianze na idadi ya wakulima uliowalipa na kilo ulizolinganisha. Ila nakuonya: huenda wakati huo ukawa huzitaki.

Na zile picha za usiku, mwanangu, zima simu ulale.

*

Shangazi, mimi ni keshia wa duka la vifaa vya ujenzi, Mingoyo. Urari wangu umekataa kwa shilingi 9,000 na leo ni siku ya tatu. Bosi ameanza kuniangalia vibaya. Nifidie kutoka mfukoni yaishe?

Keshia, Mingoyo

*

Usifidie hata senti. Ukifidia leo, kesho kosa litajitokeza upande wa pili, na utaonekana ulilificha.

Gawanya tofauti kwa 9. Imegawanyika bila baki? Basi kwanza shuku tarakimu mbili zilizopishana: mtu aliandika 76,500 mahali pa 67,500. Tofauti ya kupishana tarakimu siku zote hugawanyika kwa 9, nami hilo limeniokoa mara nyingi kuliko kikokotoo. Kama si hivyo, gawanya tofauti kwa mbili utafute 4,500 iliyoingizwa upande usio wake.

Anzia risiti za Ijumaa mchana, watu wakikimbilia msikitini. Zangu zilikuwa hapo kila mara.