Kampuni haikufungwa, je, mimi nina dhambi? Hukumu ya vitabu na makala zilizopakuliwa bila idhini

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh wangu, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Kompyuta yangu imejaa vitabu na makala nilizopakua kwenye maktaba za intaneti zisizo na idhini ya wenyewe, kwa sababu makala moja huuzwa dola 30 au 40 na chuo chetu hakijalipia majarida hayo. Nimesoma habari za Aaron Swartz, kijana wa Kimarekani aliyeshtakiwa kwa kupakua makala, akafa kesi ikimsubiri. Kisha nikasoma kwamba kampuni za akili mnemba zimechukua vitabu kwa mamilioni kutoka maktaba za namna hiihii, na hakuna aliyekwenda jela. Je, hapo kuna uadilifu? Na ikiwa wao wameachwa, mimi nina dhambi? Nikitaka kutubu, nivifanyeje nilivyo navyo?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu, na kila moja lina hukumu yake. Nitaanza na uadilifu, kwa kuwa ndilo lililokuchoma.

Aaron Swartz alikamatwa Januari 2011 mjini Cambridge, Massachusetts. Alikuwa ameunganisha laptop yake na mtandao wa chuo cha MIT ndani ya chumba cha nyaya, akapakua makala zipatazo milioni 4.8 za hifadhi ya majarida iitwayo JSTOR. Wenye hifadhi walimalizana naye na hawakutaka kesi iendelee. Serikali ndiyo haikuacha. Julai 2011 alisomewa mashtaka 4, na Septemba 2012 yakawa 13, yote ya jinai, chini ya sheria za ulaghai na matumizi mabaya ya kompyuta. Taarifa ya waendesha mashtaka ya Julai 2011 ilitaja kifungo cha hadi miaka 35 na faini ya hadi dola milioni 1. Alijiua Januari 11, 2013, akiwa na miaka 26, kabla ya kesi kusikilizwa. (Kujiua ni haramu, na yeyote aliyebanwa na dunia kiasi hicho amwendee mtu wa karibu leo hii aseme naye. Lakini uharamu huo haumwondolei lawama aliyembana.)

Kabla yake kulikuwa na mama mmoja wa Minnesota, Marekani, aliyedaiwa na kampuni za muziki kwa kusambaza nyimbo 24 kwenye intaneti bila idhini. Baraza la wazee wa mahakama lilimwamuru alipe dola 222,000 mwaka 2007. Kesi iliporudiwa mwaka 2009 ikawa dola milioni 1.92, yaani dola 80,000 kwa wimbo mmoja uliokuwa ukiuzwa kwa dola isiyozidi moja. Jaji mwenyewe aliona kiasi hicho hakivumiliki, akakishusha hadi dola 54,000, lakini mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikazirudisha zile 222,000. Gawa kwa 24: dola 9,250 kwa kila wimbo.

Sasa tazama upande wa pili. Juni 2025, Jaji William Alsup wa San Francisco aliamua kesi ya waandishi dhidi ya kampuni ya akili mnemba iitwayo Anthropic. Alisema kuifundisha programu kwa vitabu ni matumizi yanayoruhusiwa na sheria ya Marekani, lakini kupakua nakala zaidi ya milioni 7 kutoka maktaba zisizo na idhini na kuzihifadhi hakuingii katika ruhusa hiyo. Kampuni ikakubali suluhu ya dola bilioni 1.5, wastani wa dola 3,000 kwa kila kitabu, kwa vitabu vipatavyo 500,000, na kuziharibu nakala zile. Bilioni moja na nusu ni fedha nyingi, na ni haki kusema kwamba waandishi hawakuwahi kupata fidia kama hiyo hadharani. Lakini mwezi huohuo wa suluhu, Septemba 2025, kampuni ilithaminiwa kwa dola bilioni 183, kwa hiyo fidia haikufika hata asilimia moja ya thamani yake. Mama wa nyimbo 24 alipewa deni asiloweza kulimaliza maisha yake yote. Na katika kesi hii hakuna mtu aliyepandishwa kizimbani kwa jinai.

Tusipunje hoja. Kesi hizi si pacha: ya Swartz ilikuwa ya jinai na ilihusu kuingia kwenye mtandao, ya kampuni ilikuwa ya madai na ilihusu hakimiliki. Mwanasheria atakwambia hivyo, na atakuwa amesema kweli. Swali linalobaki ni nani aliyechagua mlango wa jinai kwa mmoja na mlango wa madai kwa mwingine, ilhali kitendo kwa asili ni kimoja, kupakua kwa wingi bila idhini. Hapo ndipo mizani ilipopinda.

Liko na jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Ili kitabu kiingie katika suluhu ile kilitakiwa kiwe na namba ya utambulisho, ISBN au ile ya Amazon iitwayo ASIN, na kiwe kimesajiliwa katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani ndani ya miaka mitano tangu kuchapishwa, tena kabla ya kupakuliwa au ndani ya miezi mitatu ya kuchapishwa. Mwandishi wa Zanzibar au Mombasa ambaye hakuwahi kusajili kitabu chake Washington hapati senti, hata kama kitabu kimo ndani ya zile nakala milioni 7. Haki yake kisheria ipo, ila njia ya kuidai imewekwa mahali asipofika.

Sheria yetu imelisema jambo hili waziwazi. Bibi Aisha, Allah amridhie, amepokea kwamba mwanamke wa kabila la Makhzum aliiba, na Makureshi wakaona aibu aadhibiwe mtu wa ukoo mkubwa. Wakamtuma Usama bin Zaid, kipenzi cha Mtume, akamwombee. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikasirika, akasimama akawahutubia watu kwamba waliokuwa kabla yao waliangamizwa kwa sababu mtukufu akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimsimamishia adhabu. Akaapa kwamba lau Fatma binti Muhammad angeiba, angemkata mkono. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Angalia kilichotajwa kuwa sababu ya maangamizi: kule kuwatofautisha wezi. Na Suratul Mutaffifin imewatishia adhabu wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kipimo kijae, na wakiwapimia watu hupunguza. Jamii inayoibana nakala ya mnyonge mpaka senti ya mwisho, kisha ikampimia tajiri kwa kibaba kilichotoboka, imo ndani ya onyo hilo.

Ipo pia hukumu ya Sayyidna Umar iliyomo katika Muwatta ya Imam Malik. Watumwa wa mtu aitwaye Hatib waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Umar aliamuru wakatwe mikono, kisha akagundua kwamba bwana wao alikuwa akiwashindisha na njaa. Akawaacha, akamgeukia bwana: ngamia alikuwa na thamani ya dirham 400, akamwamuru alipe 800. Imam Malik ameeleza kwamba kulipa maradufu siyo desturi waliyoishika watu wa Madina, bali hulipwa thamani ya siku alipochukuliwa mnyama. Hata hivyo fahamu mtazamo wa Umar. Aliuliza nani ana uwezo na nani amesukumwa na njaa, na mzigo akamtwisha mwenye uwezo.

Kwa hiyo jibu la kwanza: hapana, huo si uadilifu, na Muislamu mwenye nafasi ya kusema, awe mbunge, wakili au mkutubi, asinyamaze.

Usidanganyike pia kwamba dhambi humezwa na jina la kampuni. Wanazuoni wetu waliijua milki isiyo ya mtu mmoja tangu zamani, kama wakfu na Baitul Mali, vyenye mali na kudaiwa madeni. Lakini wakfu hautendi dhambi, hutenda msimamizi wake. Vivyo hivyo kampuni inaweza kudaiwa dola, ila Siku ya Kiyama atakayesimama ni aliyeamuru, aliyetekeleza huku akijua, na aliyeidhinisha.

Ama swali la pili: kuachwa kwao hakukuhalalishii wewe. Allah amesema katika Suratul An'aam aya ya 164 kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwenzake, na dhambi ya mwingine haikupunguzii yako. Kinyume chake pia ni kweli, na watu hukisahau: ukali wa mahakama juu ya mtu haulifanyi kosa lake kuwa kubwa mbele ya Mola. Kunakili si wizi wa kukatwa mkono, kwa sababu nakala ya mwenyewe imebaki kwake na sharti la kuvunja hifadhi halijatimia kama mafakihi walivyolieleza. Ni kuvuka mpaka wa haki ya mtu, na matokeo yake ni kulipa fidia ya hasara halisi, pamoja na taazir, yaani adhabu anayoikadiria hakimu, akiona inafaa. Dola 80,000 kwa wimbo wa dola moja haiwezi kuitwa fidia.

Je, haki hiyo ipo kishari'a? Wapo wanazuoni, hasa wa Kihanafi, waliosema manufaa si mali inayouzwa peke yake, na kwamba elimu haifungiwi. Jopo la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait Desemba 1988, katika azimio namba 43, liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali kwa desturi ya zama hizi, zinalindwa na haijuzu kuzivamia. Hili ndilo ninalolifuata. Walioruhusu mtu anakili kwa matumizi yake binafsi akiwa mhitaji, bila biashara, wana hoja yao, na siwezi kumwita fasiki anayewafuata kwa dhati.

Ila vitabu havilingani. Matini ya Sahihi Bukhari haina mwenyewe. Uhakiki, tanbihi na fahirisi za mhakiki wa leo zina mwenyewe. Makala ya jarida mwandishi wake kwa kawaida halipwi na mchapishaji, na wanaoikagua pia hawalipwi, mara nyingi utafiti umegharamiwa na kodi za watu. Kuificha kwa bei isiyofikika kunakaribia onyo la kuficha elimu. Kitabu cha kiada cha mwandishi aliye hai anayekula kwa jasho lake ni jambo jingine kabisa. Na kibaya zaidi ni duka la fotokopi pembeni ya chuo linalochapa kitabu kizima na kukiuza: pale pana faida juu ya jasho la mtu, na hakuna fatwa ninayoijua ya kulifunika.

Sasa vilivyomo kwenye kompyuta yako. Kwanza acha kusambaza. Kama uliviweka kwenye kundi la Telegram au WhatsApp, viondoe huko kabla ya kitu kingine, maana wengi hufuta vya kwao na kuliacha kundi likiendelea kugawa, na kila anayepakua baada yako una fungu katika mzigo wake.

Kisha vitenganishe. Usivyovihitaji, futa. Makala unazozihitaji zitafutie njia halali, nayo mara nyingi ipo bila malipo. Ukurasa wa kwanza wa makala, hata ule wa muhtasari unaoonekana bure, una barua pepe ya mwandishi: mwombe nakala kwa mistari mitatu, wachapishaji wengi humruhusu kuituma. Weka Unpaywall, programu ndogo ya bure, kwenye kivinjari chako, itakuonyesha nakala halali zilizopo. Za tiba tafuta PubMed Central, hifadhi ya makala zinazosomwa bure. Utafiti unaogharamiwa na NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, kwa makala zilizokubaliwa kuchapishwa tangu Julai 1, 2025, huwekwa humo bila kusubiri. Muulize pia mkutubi wenu kuhusu Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, unaovipa vyuo vya nchi za kipato cha chini majarida bure au kwa bei ndogo. Chuo ndicho hujisajili, si mwanafunzi, na vyuo vingine vimesajiliwa ila nywila imelala ofisini.

Kilichokosekana kote, nawe umebanwa na mtihani au tasnifu, soma sura unayoihitaji tu. Haja hupimwa kwa kiasi chake: sura mbili haziruhusu kitabu kizima, na kusoma hakuruhusu kuuza.

Vitabu ulivyonufaika navyo na vina mwenyewe anayejulikana, nunua nakala moja ya kila kimoja, hata ya kielektroniki au toleo la bei nafuu, kutoka kwa mchapishaji au muuzaji wake halali. Wengine hukosea hapa kwa kutoa sadaka ilhali mchapishaji yupo na anafikika. Sadaka hiyo haiondoi deni. Sadaka ni ya pale mwenyewe amekosekana baada ya kutafutwa kweli, na hutolewa kwa nia ya thawabu zake. Akijitokeza baadaye ana hiari ya kuiridhia au kudai chake. Huna fedha sasa, andika orodha yenye jina la kitabu na bei, iweke pamoja na wasia wako, ulipe kadiri unavyopata. Suratul Baqara aya ya 280 imempa mwenye dhiki muda mpaka apate wepesi, na mwanafunzi ni miongoni mwao.

Wallahu aalam.