Usipange ukurasa hata mmoja kabla hujashika kitabu tupu mkononi

Simamisha kazi ya kupanga kurasa leo hii, ndugu, kabla hujaingia sura ya pili. Umeeleza kwamba kitabu chako cha picha za mabango yaliyochorwa kwa mkono, ya vinyozi, ya mama lishe na ya ubavuni mwa daladala, kitakuwa na kurasa 160 za A4 wima, karatasi ya kung'aa ya gramu 170 kwa mita ya mraba, kimefungwa kwa gundi, na kwamba kila picha kubwa utaitandaza juu ya kurasa mbili. Umeuliza pia kuhusu aina ya herufi, ISBN, bei ya kuuzia, na kama ni heri uchapishe nchini au nje. Hayo yatasubiri hadi mpiga chapa akutengenezee kitabu tupu, kisicho na maandishi wala picha, cha kupimia. Mpango huohuo wa gundi, karatasi nzito na picha za kutandazwa ndio ulioharibu kitabu changu cha kanga, na hakuna herufi nzuri wala bei nzuri ambayo ingeweza kukiokoa.

Kanga ina pindo, mji na jina, yaani maneno yake, na uwiano wa upana wake na kimo chake unakaribiana na ule wa kurasa mbili za A4 zilizofunguliwa, yaani milimita 420 kwa 297. Kwenye kompyuta kila kitu kilikaa vizuri: pindo lilizunguka kingo zote nne, mji ulituama katikati, na jina lilipita upande wa chini kutoka ukurasa wa kushoto hadi wa kulia. Lakini kompyuta huonyesha kurasa mbili kama uwanja mmoja ulionyooka, usio na mgongo, mkunjo wala gundi. Nakala zilipotoka kiwandani, kila kilichokuwa katikati kilikuwa kimezama. Katika kanga iliyoandikwa "Wema hauozi", silabi ya "ha" ilimezwa na mgongo, na msomaji akabaki na maneno yanayokaribia kusema kinyume cha alichokusudia mwenye kanga. Walionunua walijaribu kukifungua kwa nguvu ili wasome, na kila walipokibana, kurasa ziliachia gundi na kuchomoka. Wewe unashughulika na mabango, maana yake una maneno karibu katika kila picha, kwa hiyo hasara yako itazidi yangu.

Kinachotokea ni hiki. Kitabu huchapwa katika karatasi kubwa ambazo hukunjwa na kuwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, na kitabu chako cha kurasa 160 kitakuwa na mafungu 10. Kitabu kikifungwa kwa gundi ya kawaida, mashine husaga mgongo wa mafungu hayo kwa milimita mbili au tatu ili kila jani libaki peke yake, kisha huupaka gundi ya moto na kubandika jalada. Kipande kilichosagwa kilikuwa sehemu ya picha yako, na kimepotea katika kurasa zote mbili. Zaidi ya hapo, jani lililoshikwa kwa gundi halijikunji kutoka kwenye mzizi wake. Huanza kupinda mbele kidogo, na eneo lililo nyuma ya mpindo huo halionekani tena. Karatasi ikiwa nzito, mpindo husogea mbele zaidi. Karatasi ya kung'aa huongeza tatizo jingine, kwa sababu imepakwa tabaka laini ambalo huzuia gundi isizifikie nyuzi za karatasi, na kama umeijaza wino hadi mgongoni, gundi inashika wino badala ya karatasi. Ukikiacha kitabu cha namna hiyo ndani ya gari lililoegeshwa juani, gundi ya kawaida hulainika. Ipo gundi ya PUR, yaani ya poliurethani, ambayo ni imara zaidi na huruhusu kitabu kufunguka vizuri kuliko ile ya kawaida, lakini hata hiyo huhitaji mgongo usagwe.

Katika ufungaji wa kushona, uzi hupita kwenye mkunjo wa kila fungu, hakuna kinachosagwa, na kitabu hufunguka hadi kwenye mkunjo wenyewe. Tena kila fungu lina mahali pamoja ambapo kurasa mbili zinazotazamana ni karatasi moja isiyokatika, nayo ni katikati ya fungu: kurasa za 8 na 9, kisha 24 na 25, kisha 40 na 41, na kuendelea hivyo hadi mwisho, ukianza kuhesabu na ukurasa wa kwanza kabisa baada ya jalada. Una sehemu 10 za aina hiyo katika kitabu chako. Picha zako 10 kubwa kuliko zote zinapaswa kukaa hapo, kwa sababu kwingineko kote nusu ya kushoto na nusu ya kulia huchapwa mahali tofauti, na pale mafungu mawili yanapokutana, kwenye karatasi tofauti kabisa, na zinaweza kukutana zikiwa zimepishana kwa milimita moja au zikiwa na rangi zisizofanana. Mpangilio wa kitabu kizima ungetokana na jambo hili moja, na mimi nililisikia baada ya kulipa.

Hapa siwezi kuficha hasira yangu. Ofisa mauzo wa kiwanda nilichokwenda alinihakikishia kwamba kushona kumebaki kwa misahafu na kamusi, na kwamba siku hizi vitabu vyote vya picha hufungwa kwa gundi. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye mashine inayosaga migongo, ameziona picha zangu zilivyotandazwa, na hakusema neno. Mteja wa mara ya kwanza hawezi kuuliza kuhusu jambo ambalo hajui kwamba lipo. Ni wajibu wa mwenye kiwanda kumwambia. Ninawalaumu vilevile wanaofundisha usanifu wa kurasa kwa kutumia picha za vitabu vilivyofunguka bapa kama meza, picha zilizotengenezwa ndani ya kompyuta za vitabu ambavyo havijawahi kuchapwa. Vijana wetu wanajifunza kutoka kwenye picha hizo, na hasara inaangukia mfukoni mwao.

Kanuni ninayokuomba uifuate ni moja: kabla ya kupanga ukurasa wowote, mtake mpiga chapa akutengenezee kitabu tupu, chenye idadi yako kamili ya kurasa, karatasi ileile, ukubwa uleule, jalada lilelile na ufungaji uleule. Ukikipata, kifungue mwanzoni, katikati na karibu na mwisho, kwa sababu hakifunguki sawasawa pote. Chukua penseli, andika sentensi ndefu ikivuka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, kisha pima kwa rula ni milimita ngapi zimepotea. Pambizo ya ndani itatokana na kipimo hicho, wala si na kiolezo ulichokipakua. Kiweke pia kwenye mizani: majani 80 ya A4 ya gramu 170 yana uzito wa karibu gramu 850 kabla ya jalada, ilhali kwa gramu 130 yangekuwa karibu gramu 650, na kile kizito utamwona mtu akikishika kwa mikono miwili badala ya mmoja. Kibebe hadi dirishani. Karatasi ya kung'aa itakurudishia mwanga machoni, na kwa picha za mabango ya rangi ya mafuta, ambayo yenyewe yanang'aa, naona isiyong'aa ingekufaa zaidi.

Kitabu hicho tupu kitakuonyesha pia mwelekeo wa nyuzi za karatasi, jambo ambalo wengi hulipuuza. Nyuzi lazima ziende sambamba na mgongo. Zikikatiza, majani husimama kwa ukaidi badala ya kulala, na kwa kuwa nyuzi zikipata unyevu hutanuka kwa upana zaidi kuliko kwa urefu, kingo hufanya mawimbi kando ya mgongo. Sisi tunaoishi pwani unyevu hautuachi mwaka mzima. Jaribio ni rahisi: lowesha upande mmoja wa kipande cha karatasi, nacho kitajikunja kuwa bomba, na urefu wa bomba hilo ndio mwelekeo wa nyuzi. Kwa A4 wima inayochapwa kurasa 16 kwenye karatasi ya milimita 640 kwa 900, nyuzi zinatakiwa zifuate upande wa 640, na hilo huagizwa mapema, halirekebishwi mashine ikishawaka.

Kuhusu rangi nitasema kwa ufupi. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga na karatasi haitoi, kwa hiyo machungwa na buluu kali za mabango yako zitapoa zikigeuzwa kuwa rangi nne za wino. Dai prufu, yaani chapa ya majaribio, kwenye karatasi yenyewe utakayotumia, si kwenye karatasi nyingine iliyokuwa karibu.

Kuchapisha nchini au nje hakubadilishi lolote katika haya, isipokuwa kitabu tupu kutoka nje kitachelewa njiani, nawe ukisubiri kabla ya kulipa malipo ya awali. Waandikie wapiga chapa watatu kwa maneno yaleyale: kurasa 160, A4 wima, mafungu ya kurasa 16 yaliyoshonwa, karatasi isiyong'aa ya gramu 130, nyuzi sambamba na mgongo, na kitabu tupu kabla ya mkataba, hata kama watakutoza gharama yake. Atakayekujibu kwamba mwelekeo wa nyuzi si kitu, usimpelekee kazi. Picha zako za sasa zihifadhi zilivyo, bila kuzikata, hadi utakapojua kwa rula katikati inameza kiasi gani.