Nimtoe mama kwenye riwaya yangu?

SWALI: Shikamoo, Maalim. Naandika riwaya ya kuchekesha. Shujaa wangu ni kijana wa Wete, ana shahada, hana kazi, na kutwa yuko barazani akiwakosoa wapita njia. Mamake anaanika karafuu na ndiye anayemlisha, na hawapitishi siku bila ya kugombana. Rafiki yangu kausoma mswada, anasema ugomvi wa nyumbani unaua kicheko, nimpunguze mama. Nifanyeje?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama huyo usimguse, nakuomba.

Itafute "A Confederacy of Dunces" ya Mmarekani John Kennedy Toole, iliyochapishwa 1980, miaka 11 baada ya mwandishi kufariki. Ignatius Reilly ana miaka 30, kasoma sana, na anaishi kwa mamake, Irene, mjini New Orleans. Anaidharau dunia nzima, na gharama ya dharau hiyo anaibeba mama. Siku moja Irene, kinywaji kimemkolea, anagonga jengo kwa gari. Anadaiwa dola zaidi ya 1,000, na mtoto hana budi kutafuta kazi. Vituko vyake kiwandani, na vya kusukuma mkokoteni wa soseji anazozila mwenyewe, vyote vimezaliwa na deni lile.

Lakini mimi hasa namwangalia Irene. Anapata shoga, anaanza kutoka jioni, anatokea na mzee wa kutaka kumuoa. Kila anavyopumua, Ignatius anababaika, maana ubabe wake wote ulisimama juu ya woga wa mama. Mwisho Irene anakubali mwanawe apelekwe hospitali kwa maradhi ya akili. Tunacheka huku roho inatuuma, na kicheko hakikufa.

Sasa wako. Wapita njia anaowakosoa wanakwenda zao, hawamwachii jeraha wala hawambadilishi. Mama ndiye anayebaki naye ndani, na ndiye anayejua kwamba mwanawe anaogopa kushindwa. Kosa la mswada, naona, ni kuwa mama huyo hana analolitaka yeye mwenyewe. Mpe. Msimu wa karafuu, majamvi yamejaa uwanjani, naye kaamua, kwa mara ya kwanza tangu afiwe, kwenda arusini na kulala huko. Wingu linafunga. Je, kijana ataanua, au atamaliza kwanza hotuba yake barazani?

Iandike sura hiyo kabla ya nyengine zote, kisha mpe rafiki yako aisome.