Maswali kwa Masonara: Karafuu Shingoni, DNA Masikioni

SWALI: Nataka kumtengenezea mama, mkulima wa karafuu, kidani cha fedha chenye umbo la molekuli ya yujenoli. Nina fedha 925, lehemu, boraksi na kichomeo cha gesi. Tatizo ni vile vijistari vitatu vya ndani ya pembesita: kila nikivishika vinadondoka. — Msomaji, Wete

JIBU: Yujenoli ndiyo inayoipa karafuu harufu yake, na umbo lake linamfaa anayeanza: pembesita moja na matawi matatu. Kila upande uwe mm 6. Waya wa mm 1 wenye urefu wa sentimita 12 utatosha, pamoja na sentimita 5 za waya wa mm 0.8.

Kata mm 36 za ule mnene, tia alama kila baada ya mm 6, kisha chimba mfereji kwa tupa ya pembetatu hadi kupita nusu ya unene, ndipo ukunje. Bila mfereji kona hutoka butu. Ukishakunja, zibe kona zote sita kwa lehemu, maana hapo waya umebaki mwembamba.

Vijistari vinadondoka kwa sababu havigusi chochote. Karatasini vinaelea, kwenye fedha haviwezi. Weka duara badala yake, maana wanakemia nao huchora hivyo. Mm 27 za waya wa mm 0.8 hutoa duara lenye kipenyo cha nje cha mm 9.4, nalo litagusa kila upande katikati. Hapo ndipo pa kutia lehemu.

Matawi yanataka umakini zaidi. Hesabu kona 1 hadi 6. Kona ya 1 ina tawi la mm 6 lenye mpira wa oksijeni nchani. Kona ya 2, jirani yake, ina mm 6, mpira, kisha mm 6 nyingine. Kona ya 4, inayotazamana na ya 1, ina mkia wa pande tatu unaopinda kwa nyuzi 120, na upande wa mwisho ni maradufu. Ukiuweka umaradufu kwenye upande wa kati, umetengeneza isoyujenoli: atomu ni zilezile, molekuli ni nyingine. Upande huo wa mwisho ukunje kwa waya mmoja wa mm 0.8, mkunjo ukae nje na ncha zote mbili ziingie kwenye lehemu. Ncha zikibaki nje zitanasa ushungi.

Mpira wa mm 3 hutokana na mm 18 za waya wa mm 1: uviringe, upake boraksi, uuyeyushe juu ya mkaa.

Ncha ya kila tawi ichonge mfereji ili ikalie kona. Ncha bapa hushika kwa nukta tu, na siku ya kwanza ya kuvaliwa hukatika. Pembesita na duara viunge kwa lehemu ngumu (inayoyeyuka kwa joto kubwa zaidi), matawi kwa ya kati, vipete vya mkufu kwa laini. Moto uelekeze kwenye ule waya mnene. Fedha 925 huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 800, na duara jembamba litaanguka kabla pembesita haijashika joto. Lehemu hufuata upande wenye joto zaidi, hivyo ukiiona imejikunyata upande mmoja, ujue wa pili bado ni baridi.

Safisha kwa asidi ya sitriki, gramu 50 katika nusu lita ya maji ya moto, na utolee kwa kibanio cha mti au shaba. Chuma kikiingia humo, fedha hutoka na wekundu wa shaba. Mkufu ufunge kwenye mpira wa kona ya 1 na kwenye mkunjo wa mkia. Kidani cha mm 35 hivi kitalala sawa kifuani.

SWALI: Hereni za DNA nimezisokota moja kulia, nyingine kushoto, ili zifanane kama mtu na kioo. Mteja mwalimu wa bayolojia amezirudisha. — Fundi, Mombasa

JIBU: Mteja ana haki. DNA ya kawaida katika seli husokotwa kulia, kwa hiyo hereni zote mbili ziwe za kulia. Isimamishe: nyuzi za mbele zipande kutoka kushoto chini kwenda kulia juu, kama skrubu ya kawaida. Kuigeuza kichwa chini hakusaidii, msokoto haubadiliki.

Vipimo navyo vina haki yake. Upana ukiwa mm 10, mzunguko mmoja uwe mm 17, wenye vidato 10 au 11. Nyuzi mbili zisigawane nafasi sawasawa: upande mmoja acha mm 11, mwingine mm 6. Nafasi zikilingana, kitu hicho ni ngazi iliyosokotwa tu. Kwa mizunguko miwili kata mm 70 kwa kila uzi.

SWALI: Kidani changu chenye umbo la molekuli ya karvoni hugeuka nyuma mbele. Je, bado ni sahihi? — Msomaji, Muscat

JIBU: Karvoni ina maumbo mawili, kila moja kioo cha mwenzake: moja hunukia nanaa, jingine kisibiti. Kama tawi la kabari (lile linalochorwa kama kabari kuonyesha kuwa linatokeza mbele ya karatasi) limechongwa bapa, likionekana kwa nyuma linasomeka kama umbo la pili. Likunje tawi hilo litoke mbele kwa kweli, mm 3 au 4, na kidani kitabaki sahihi hata kikigeuka.