Harufu ya kidonda cha saratani: msimfiche mama chumba cha uani

Pole sana, dada. Umesema mama ana saratani ya titi, kidonda kimefumuka na kinatoa harufu, amekataa wageni, na ndugu zako wanataka kumhamishia chumba cha uani. Nimemuuguza mama mdogo huku Kibosho akiwa na kidonda cha namna hiyo. Msimhamishe. Harufu hiyo ina dawa.

Inatoka kwa bakteria wanaostawi kwenye nyama iliyokufa, pasipofika hewa. Mama si mchafu, nanyi si wazembe. Saratani haiambukizi, wajukuu wakae naye na wale naye. Marashi na ubani acheni: vinachanganyika na harufu ileile na kumzidishia kichefuchefu. Muuguzi wa tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso) alitufundisha kusaga vidonge vya metronidazoli (wengi wanaiita Flagyl) hadi viwe unga laini, kisha kuunyunyiza kidondani kila tunapokifunga. Juu yake gozi (kitambaa chepesi cha kufungia kidonda) iliyopakwa vaselini ili isigande. Daktari anaweza kumwandikia na vya kumeza. Akivitumia, pombe kama mbege asiguse. Harufu ilipungua ndani ya siku chache tu. Chini ya kitanda tuliweka beseni la mkaa usiowashwa, nao ulisaidia kiasi.

Kuosha ni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Mwagia, usisugue. Gozi iliyoganda iloweshe mpaka iachie yenyewe, kwa sababu kidonda hicho hutoka damu upesi. Ikitoka, kandamiza dakika 10 bila kuchungulia. Tumia kitambaa safi cha rangi iliyokoza, damu isimtishe. Isipokata, mkimbizeni hospitali.

Kama ameandikiwa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, mpeni nusu saa kabla ya kufunga kidonda. Najua watu wanaiogopa dawa hii. Lakini mama mtu mzima kulia mbele ya wanawe kila asubuhi kwa maumivu yanayotulizika, hilo mimi siwezi kulikubali.

Sasa heshima yake. Bisha hodi hata kama ni mama yako. Muulize anataka nani amfunge kidonda. Mama mdogo hakutaka kijana wake amwone kifua, kwa hiyo kazi ile ikawa ya sisi mabinti. Funika sehemu zote msizozishughulikia. Ukihofia kukunja uso, paka Vicks kidogo chini ya pua kabla hujaingia, usizibe pua mbele yake. Na zungumzeni wazi: "Mama, harufu inakusumbua? Tuna dawa." Mama mdogo alikuwa anaisikia kuliko sisi sote, ila alingoja mmoja wetu aanze kuitaja. Baada ya hapo alitupangia mwenyewe: siku ya jumuiya tumfunge mapema, dirisha liwe wazi, avae dera lake pana, na wageni wasizidi anaowamudu.

Kwa kuwa mko Ngaramtoni, nendeni hospitali ya Selian, wana huduma ya tiba shufaa. Waelezeni harufu kama mnavyoeleza maumivu, msione haya. Wao ndio watawaambia kiasi cha dawa kinachomfaa. Waulizeni pia kama tiba ya mionzi inamfaa, kwani kwa baadhi ya wagonjwa hupunguza uvimbe, damu na hata harufu yenyewe.