Geji haikuambii gesi imebaki kiasi gani

Ukiuziwa regulata ya mtungi wa gesi ya kupikia, yenye geji, kwa maelezo kwamba itakuonyesha gesi iliyobaki, weka hela yako mfukoni. Ninayo moja jikoni kwangu, hapa Ujiji. Mshale unakaa palepale wiki baada ya wiki, halafu siku moja, maharage hayajaiva, unaanguka.

Geji yenyewe ni nzima. Inapima presha, na presha ya mtungi haifuati kiasi kilichomo. Ndani mna gesi za propani na butani zilizoshindiliwa zikawa maji (yaani kimiminika, si maji ya kunywa), na juu yake mvuke. Ukiuchoma huo mvuke, maji mengine yanachemka kuziba pengo, presha inarudi karibu ilipokuwa. Kinachoisogeza sana ni joto. Kwenye nyuzi 25 propani tupu inasukuma zaidi ya mara tisa ya presha ya hewa, butani mara mbili na ushei.

Wale wa kidato cha tano wataniletea PV = nRT, kanuni ya darasani isemayo gesi ikipungua chomboni, au ikipoa, presha inashuka. Kanuni hiyo inachukulia molekuli, yaani chembe za gesi, hazina ukubwa wala hazivutani. Zingekuwa hivyo kweli, hakuna gesi ambayo ingegeuka maji, na mtungi wa kilo 6 usingekuwepo. Van der Waals, Mholanzi, aliyatia mambo hayo mawili kwenye hesabu mwaka 1873. (Na anayeuliza kwa nini gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo haijazwi kwenye mitungi hii: ile ni metani, huwezi kuishindilia ikawa maji mpaka ipoe kupita nyuzi 82 chini ya sifuri. Hii tunayopikia huja kwa meli.)

Kwa hiyo pima kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake; utoe, kinachobaki ni gesi. Mimi hunipimia jirani yangu muuza dagaa. Huna mizani? Mwagia ubavuni maji ya moto kiasi, kisha shusha kiganja taratibu kutoka juu. Pale ubaridi unapoanza ndipo gesi ya maji ilipofikia.

Moto ukififia katikati ya pishi refu na mtungi umetoa jasho, huenda gesi haijaisha. Kuchemka huko kunakula joto la mtungi wenyewe, ukipoa presha inashuka. Punguza moto, au uache upumzike. Usiusogeze karibu na jiko la mkaa, na usiulaze: yatatoka maji badala ya mvuke, na moto utaruka.

Tairi ndiyo inayotii kanuni ya darasani, maana hewa yake iko mbali na kugeuka maji. Pima upepo asubuhi, gari likiwa limelala. Upepo wa psi 30 (kipimo cha presha) uliopimwa Kigoma alfajiri kwenye nyuzi 20 utasoma kama 34 na nusu tairi likifika nyuzi 50, bila mtu kuongeza kitu. Fundi wa njiani kuelekea Tabora akikuambia upepo umezidi, mwambie auache. Ukiupunguza pale, kesho asubuhi utaamka na tairi laini.