Nyimbo za Kijapani za karaoke: ujumbe kwa kijana anayekuja Japani

Kuna kijana wa Morogoro kaniandikia wiki iliyopita. Amepata kazi Japani, viza imeshatoka, na kati ya maswali yake yote moja limenikaa: "Kaka, nasikia wakitoka kazini wanakwenda karaoke. Mimi nitaimba nini?"

Mdogo wangu, umeuliza swali ambalo mimi sikupata wa kumuuliza. Watu watakufundisha kuinama, kupokea kadi ya biashara kwa mikono miwili, kuvua viatu mlangoni. Habari ya maiki hakuna anayekuambia, na maiki itakufikia kabla hujajua njia ya kwenda nyumbani bila kufungua ramani.

Ngoja nikusimulie yangu. Naishi Kobe, mji ambao ndio chimbuko lenyewe la mambo haya. Hapa ndipo mpiga muziki wa baa, Daisuke Inoue, alipoanza kukodisha mashine zake mwaka 1971. Unatumbukiza sarafu ya yeni 100, muziki unapigwa, wewe unaimba. Hakuchukua hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi), kwa hiyo utajiri wa karaoke uliwaendea wengine. (Huyu mzee huwa namfikiria sana kila nikilipa bili ya chumba.)

Mwaka wangu wa kwanza kazini tulikwenda baada ya chakula cha kuwakaribisha wageni. Chumba kidogo, makochi yamezunguka meza, skrini ukutani, matari na manyanga kwenye kikapu. Nyimbo zinachaguliwa kwenye tableti inayopita mkono kwa mkono. Ilipofika kwangu, mwenzangu aliyekaa kulia akanyoosha mkono, akaipitisha juu ya mapaja yangu na kumpa aliyekaa kushoto. Akaniambia kwa tabasamu, "Wewe tumeshakuwekea." Walikuwa wameniwekea wimbo wa Kiingereza, wa zile zinazopigwa kila harusi duniani. Niliimba. Wakapiga matari, wakasema nina sauti nzuri. Hawakuwa na nia mbaya na ninalijua hilo, ila mpaka leo nikikumbuka ile tableti inavyopita juu ya mapaja yangu, roho inaniuma. Hata Kiingereza chenyewe si lugha yangu!

Miezi iliyofuata nairuka, haina utamu wowote: vipokea sauti masikioni, treni ya asubuhi, wimbo mmoja unarudiwa mpaka unakinai.

Ikafika karamu ya kufunga mwaka. Safari hii tableti niliishika mwenyewe, nikaweka "Tsugaru Kaikyō Fuyugeshiki", wimbo wa Sayuri Ishikawa wa mwaka 1977. Ni enka, muziki wa wazee: mtu ameshuka kwenye treni ya usiku iliyotoka Ueno, stesheni ya Tokyo, yuko Aomori kaskazini kwenye theluji, anapanda meli kuvuka kwenda kisiwa cha Hokkaido, na moyo umevunjika. Muziki ulipoanza, mkuu wetu wa kitengo akaweka glasi mezani. Nilipofika kiitikio akawa anaimba nami huku amefumba macho. Mashine, ambayo hupima uimbaji, ikanipa zaidi ya pointi 90 kati ya 100. Yule aliyenipitishia tableti akauliza nimejifunzia wapi kuzungusha sauti. Nikamjibu: Tanga.

Sikuwa nafanya mzaha. Enka ina ule mzunguko mdogo wa sauti katikati ya irabu, wenyewe wanauita kobushi, na mashine nyingi zinauhesabu na kukupa alama. Mtu aliyekua anasikia taarabu kila Ijumaa kutoka kwa majirani anao tayari kooni. Basi kama umelelewa pwani, au nyumbani kwenu redio ilikuwa ya bibi, anza na enka. Watakuambia ni nyimbo za kizee. Waache. Anayesaini ruhusa zako za likizo ni mzee.

Na hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko orodha yoyote: tazama umri wa waliomo chumbani kabla hujabonyeza kitu. Kama wengi wamepita miaka 50, wimbo usioweza kukuangusha ni "Ue o Muite Arukō" wa Kyu Sakamoto, wa mwaka 1961. Ndio huohuo Wamarekani waliubatiza jina la chakula, Sukiyaki, ukakaa namba moja kwao Juni 1963. Ni wa polepole, maneno yanajirudia, na una sehemu ya kupiga mluzi. Kijapani kikikuishia, mluzi haukuishii. Sakamoto alikufa kwenye ajali ya ndege ya Agosti 1985, na kwa wazee jina lake lina uzito. Usiuimbe kwa kuchekesha.

Kwa watu wa miaka 40 hivi, "Cherry" wa bendi ya Spitz (1996). Tahadhari: yule mwimbaji ana sauti ya juu sana, wanaume wengi wanakwama kwenye kiitikio. Lakini kwenye tableti kuna kitufe cha kushusha kimo cha muziki (si cha kupunguza kelele), kila ukibonyeza unashuka kidogo. Bonyeza mara mbili tatu kabla hujaanza. Si aibu, Wajapani wenyewe wanafanya hivyo bila hata kuficha.

Mkiwa mchanganyiko, weka "Zankoku na Tenshi no Tēze" wa Yoko Takahashi, wa 1995. Ni wa katuni, lakini umeshavuka katuni zamani. Hata asiyewahi kuitazama atainuka. Na kama chumba kimepoa kabisa, "Linda Linda" wa bendi ya The Blue Hearts (1987): unaanza taratibu kama mtu anayeomba radhi, kisha ghafla ni kuruka na kupiga kelele. Ufundi wa sauti hautakiwi hapo, nguvu za miguu tu.

"Lemon" wa Kenshi Yonezu (2018) kila mtu anaupenda, ila ni wimbo wa msiba. Binafsi siupeleki kwenye sherehe ya kumpongeza mtu. Na nyimbo za kundi la YOASOBI ziache kabisa mwaka wa kwanza. Wimbo wao "Yoru ni Kakeru" unakimbia kiasi kwamba ukikosa neno moja ubeti mzima umekuacha kituoni.

Matamshi yasikutishe. Irabu zao ni tano kama zetu na silabi karibu zote zinaishia kwa irabu, hivyo Mswahili anaanza mbele ya Mzungu. N yao inayosimama peke yake ihesabu kama pigo kamili, mfano wa m ya "mtu". Irabu ndefu ni mapigo mawili, usiikate. Tatizo letu ni kukaza silabi ya pili kutoka mwisho kila mahali; uache muziki ndio ukukazie. Kuhusu kusoma, jifunze hiragana na katakana tu, herufi zao za silabi. Kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, kwenye skrini huandikiwa hiragana ndogo juu yake, na maneno yanabadilika rangi kadiri wimbo unavyokwenda. Usitegemee herufi zetu.

Sasa nikuseme kidogo. Vijana wengi mnaokuja huku mnajua nyimbo za katuni kumi, zote nusunusu. Mnaimba kiitikio, kwenye beti mnamumunya. Jifunze mmoja, mzima, beti zote, mpaka uuimbe ukiwa umechoka na skrini umeipa mgongo. Mtu anayeimba lugha yako vizuri huwezi tena kumpitishia kitu juu ya mapaja. Heshima hailetwi mezani pamoja na vitafunwa, unaitafuta. Na mwenzako akiimba, weka simu chini, shika tari. Mmoja, nakwambia. Mzima.

Ukitaka mazoezi, nenda peke yako mchana siku ya kazi, ndipo bei iko chini. Hakuna atakayekushangaa, watu wa kuimba peke yao ni wengi mpaka wana jina lao. Ukiona simu ya ukutani inalia, ni mapokezi wanakukumbusha kuwa dakika 10 zimebaki. Useme unaongeza muda au unatoka.

Uliuliza pia kama pombe ni lazima kwa sababu wewe hunywi. Si lazima. Kumbi nyingi zina mashine ya vinywaji, unajaza glasi mwenyewe mara nyingi utakavyo, na chai baridi ya oolong haikosekani. Chukua hiyo, ila barafu usiweke nyingi, inakaba sauti.